Kabla umwambie bosi anunue kompyuta mpya

Hii naandikia wenzangu ambao ni IT peke yao ofisini, yaani wewe ndio wa seva, wewe ndio wa printa, na balbu ikiungua pia unaitwa kwa sababu si ni mambo ya stima. Mimi niko Kisumu, mashine arobaini na kitu, na kuna tawi Nakuru ambalo napanda matatu kwenda kama kitu imekataa kabisa kutengenezeka kwa simu. Tangu Windows 10 ikatiwe apdeti za bure tarehe 14 Oktoba 2025 swali limekuwa moja tu, tunanunua mpya ama tunaendelea na hizi? Mimi jibu langu ni ngoja kwanza. Mashine ikianza kujikokota watu wanasema imezeeka, halafu ukifungua unapata kumbe ni diski, ama ni stima imekuwa ikiichapa kila jioni, ama ni kebo ililiwa na panya mwaka jana na hakuna mtu alijua. Ukileta mpya ukaichomeka kwa plagi ile ile mbovu na kebo ile ile, baada ya miezi kadhaa unaulizwa hii nayo imekuwaje na huna la kusema.

Kwa hivyo mimi huenda hivi: stima, kebo, diski, halafu ndio Windows.

Stima

Wenye mko Kisumu, Kakamega, Kericho mnajua ngurumo za huku. Asubuhi jua, saa tisa saa kumi hivi mawingu yanajikusanya, radi kidogo, stima inaenda, inarudi, inaenda tena. Kuenda si neno sana. Kurudi ndiko kubaya kwa sababu inaweza kurudi ikiwa juu, na pawa saplai ya desktopu ndiyo inakula hicho kichapo. Sheria yangu ni stima ikipotea unazima swichi ya ukutani, na ikirudi unangoja dakika tano kabla uwashe. Nimebandika karatasi kila chumba na bado kuna mtu huwasha hapo hapo akisema alikuwa na risiti ya kuprinti.

UPS, ile betri ya kushikilia mashine stima ikipotea, nayo watu wananunua ya 650VA wakidhani ni wati 650. Sio. Nyingi za saizi hiyo zinabeba wati 360 hadi 390 hivi, geuza uangalie kwa nyuma imeandikwa. Ndani kuna betri ya asidi ya 12V 7Ah, ile ile hutumika kwa kengele za wezi, kwa hivyo ikifa unabadilisha betri peke yake, usitupe kitu chote. Maisha yake ni miaka mitatu hadi mitano kama mahali pana ubaridi, lakini joto linaila haraka, kila digrii 10 zaidi ya 25 maisha yanakatika karibu nusu, na sasa fikiria UPS imesukumwa chini ya meza Kisumu mwezi wa pili, imefunikwa na makatoni ya faili. Kuipima ni rahisi, waambie watu wahifadhi kazi, chomoa plagi ya UPS ukutani na uhesabu dakika. Ikizima papo hapo, umepata jibu. Na tafadhali printa ya leza isichomekwe kwa UPS, ikianza kupasha joto inavuta umeme mwingi kwa mara moja na UPS inapiga kelele ama inazima na kila kitu kilichoko hapo.

Kitu ambacho nilijifunza kwa uchungu ni kwamba radi haiingii kwa plagi pekee. Tulikuwa na kebo ya mtandao imetoka jengo kubwa ikaenda nje hadi kwa kibanda cha soja, kamera iko huko, mita sitini hivi imening'inia hewani. Mvua moja kubwa ikapiga, asubuhi nusu ya swichi ya mtandao (kile kisanduku kinachounganisha kebo zote) imekufa, upande ule wa hiyo kebo, na mashine mbili ambazo zilikuwa hapo hapo kadi ya mtandao haionekani kabisa. UPS ilikuwa nzima! Stima ilikuwa nzima! Shaba ndefu ya nje ni kama umeweka mtego wa radi halafu ukaufunga kwa swichi yako. Kama majengo ni mawili, weka faiba katikati, vioo havipitishi umeme, na mediakonvata mbili za kila upande ni pesa kidogo ukilinganisha na swichi. Kama faiba haiwezekani, angalau hiyo kebo iende kwa swichi yake ndogo ya bei rahisi, ife hiyo peke yake. Na umwite fundi wa stima mwenye leseni apime athi ya jengo, kuna majengo mengi ya zamani mjini plagi ina tundu tatu lakini waya wa tatu hauendi mahali popote.

Mashine ikikataa kuwaka baada ya stima kupotea usikimbilie kusema imeungua. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilia sekunde thelathini hivi, rudisha. Ikikataa, toa RAM (kile kibao kirefu chembamba cha kumbukumbu), futa zile meno za dhahabu na raba ya penseli, irudishe mpaka isikike imeshika. Nimefufua nyingi kwa raba ya shilingi kumi mpaka watu walidhani mimi ni mganga.

Halafu kuna ka betri kadogo ka CR2032 kwa ubao, kale kanafanana na sarafu. Kakiisha, kila mashine ikikosa stima saa inarudi nyuma miaka. Madam wa akaunti aliniita ati iTax imekataa, benki imekataa, hata barua pepe inasema si salama, na intaneti ilikuwa sawa kwa wengine wote. Nikaangalia saa chini kulia, ilikuwa imerudi 2015. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, mashine ikiwa 2015 inaona cheti cha leo bado hakijazaliwa, inakataa. Na kama uko na domeni ofisini, yaani seva moja inayosimamia kulogini kwa wote, saa ikipishana na seva kwa zaidi ya dakika tano hata kulogini kunakataa. Kabla ubadilishe kitu kingine chochote angalia saa.

"Intaneti imepotea"

Swali la kwanza, imepotea kwako ama kwa wote? Swali la pili, ni nini kimebadilika? Hili la pili utaambiwa hakuna, halafu uzunguke ofisi utapata mtu amehamisha meza.

Kama ni mashine moja fungua cmd, kile kidirisha cheusi cha kuandika amri, uandike ipconfig. Ukiona IP (anwani ya mashine kwa mtandao) inaanza na 169.254 jua mashine iliomba anwani na hakuna aliyeijibu, hiyo ni kebo ama swichi ama DHCP (ile inayogawa anwani), usianze kugusa brauza. Kama IP iko sawa, piga ping kwa geti, yaani ile anwani ya rauta. Ikijibu, ping 8.8.8.8, anwani ya Google iliyoko nje kwa intaneti. Ikijibu, ping jina la tovuti yoyote unayoijua. Ile ngazi inakataa ndiyo iko na shida: geti ikikataa shida iko ndani ya ofisi, 8.8.8.8 ikikataa shida iko kwa rauta ama kwa mwenye anakuuzia intaneti, na kama namba zinajibu lakini jina linakataa hiyo ni DNS (inayogeuza jina kuwa namba), jaribu ipconfig /flushdns ama ubadilishe DNS. Dakika mbili umejua, na ukipigia simu watu wa intaneti huwezi kuzungushwa ati "zima rauta uwashe".

Ile hunichosha zaidi ni ya mtu kuleta rauta yake kutoka nyumbani ndio apate wifi karibu na dawati, halafu anachomeka kebo ya ofisi kwa tundu la LAN. Sasa ofisi ina DHCP mbili, mashine zingine zinachukua anwani kutoka kwa hiyo ya nyumbani na zinapotea, si zote, na kila mara ni zile tofauti, unaweza kuzunguka siku nzima. Dalili yake ni ipconfig kukuonyesha geti ambayo huijui. Fungua hiyo geti kwa brauza, mara nyingi ukurasa wa kulogini unaandika aina ya rauta, sasa tembea ukiitafuta. Iko nyuma ya pazia. Swichi yako ikiwa ni ile ya kuseti, washa DHCP snooping, inazuia DHCP isiyo yako, usumbuke mara moja tu.

Ndugu yake ni kebo moja kuchomekwa ncha zote mbili kwa swichi moja, kawaida baada ya wasafishaji kupita Jumamosi, mtu anaona kebo imelegea anaona heri airudishe. Taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja haraka haraka na ofisi nzima inalala. Chomoa moja moja mpaka zitulie.

Kuhusu kebo yenyewe kuna kipimo kimoja hakihitaji mashine ya kupima. Angalia spidi ya kadi kwa seting ya mtandao. Kama kadi na swichi zote ni za gigabiti lakini inaonyesha 100 badala ya 1000, kuna jozi imekatika mahali, kwa sababu gigabiti inataka jozi zote nne na ya 100 inatosheka na mbili. Kebo kama hiyo inafanya kazi na hakuna mtu hulalamika, ila kila faili ya seva inachukua muda na lawama inaenda kwa kompyuta. Krimpi tena, rangi ni nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, na ncha zote mbili zifuate hivyo hivyo. Usizidi mita 100. Na kebo ikiwa imepita kwa dari ya bodi uliza kwanza kama kuna panya, jibu ni ndio.

Wifi ya 2.4 kama uko jengo lenye ofisi nyingi weka chaneli 1, 6 ama 11, zingine zinagongana na jirani. Mashine ya akaunti na ya kuhudumia wateja zipe kebo, basi.

Printa

Sipendi printa. Kazi zikikwama: net stop spooler, ingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS ufute zilizomo, net start spooler. Kama kila Jumatatu printa inasema haipo, IP yake inabadilika, ifungie anwani moja kwa rauta. Karatasi zikikwama kila siku msimu wa mvua usilaumu printa, rimu imeachwa wazi imenyonya unyevu, funga rimu.

Diski, na hapa ndipo pesa kidogo inafanya kazi kubwa

Kama mashine zako bado zina diski za kuzunguka, hiyo ndiyo sababu mtu anawasha halafu anaenda kutengeneza chai. Weka SSD, diski isiyozunguka. Sijaona kitu kingine cha bei hiyo kinabadilisha mashine ya miaka sita hivyo, watu walidhani nimewaletea mpya. Kabla ununue fungua uone tundu, kuna SATA ya inchi 2.5 na kuna ile nyembamba ya M.2, na hata M.2 ziko za SATA na za NVMe, ubao ukiwa wa moja inaweza kukataa nyingine. RAM nayo DDR3 haiingii kwa DDR4, usilazimishe, ule mkato wa katikati hauko mahali pamoja.

Hali ya diski ya zamani unaiona kwa CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ikiandika Caution na rangi ya manjano, usianze kuiskani na kuirekebisha, nakili data kwanza, diski inayokufa kila dakika unayoizungusha unaisukuma. Kama ni nzima unaweza kukloni, yaani kunakili diski yote ilivyo, kwa Clonezilla, inaanza kwa flashi, haina urembo na inataka usome kila swali mara mbili kabla ya kujibu. Chanzo ni ipi, inakoandikwa ni ipi. Nimewahi kukloni diski tupu juu ya ile yenye data. Sitaki kuongea kuhusu hiyo siku.

Ukinunua SSD ama flashi mtaani bei ikikushangaza, ipime kwa H2testw kabla ya kumpa mtu. Kuna zile zinaandika 1TB kwa nje na ndani ni kitu kidogo sana, zinameza faili bila kulalamika, na siku ya kuzisoma hakuna kitu.

Bakapu ningeanza nayo lakini najua mngeruka. Nakala tatu, kwa aina mbili za vifaa, moja ikae nje ya jengo. Diski ya nje iliyochomekwa kwa seva masaa ishirini na nne si bakapu, virusi ya kufunga faili inaifunga nayo. Mimi nina mbili, moja iko kazini na nyingine iko tawi la Nakuru, nikienda nabadilisha. Na mara moja kwa mwezi chagua faili yoyote, irudishe, uifungue uone kama inasomeka.

Windows 11

Sasa ndio tunafika hapa. Mashine inatakiwa kuwa na TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot ya UEFI (UEFI ni bayosi ya kisasa), RAM 4GB na nafasi 64GB, lakini 4GB ni ya kwenye karatasi, kazini weka 8 ama mtaitana kila saa. Inayokata wengi ni prosesa, Intel kuanzia kizazi cha 8 ama AMD Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. Soma namba: i5-8500 ni ya nane, iko sawa, i5-6500 ni ya sita, hapana. Kwa zile za ex-UK, zilizotumika Uingereza, zimejaa madukani, HP EliteBook 840 G3 ni ya sita, G4 ya saba, ukitaka Windows 11 anza na G5, na hata G5 angalia kwa skrini kwa sababu ziko zilitoka na prosesa ya saba. OptiPlex 3050 hapana, 3060 ndio. Muuzaji atakuambia "hiyo inaingia 11 bila shida" na ni kweli inaweza kuingia, kuna njia za kuruka ukaguzi, lakini Microsoft haikuahidi kuendelea kuipa apdeti mashine ya hivyo na siku moja itakuachia kazi. Kwa mashine ya nyumbani fanya utakavyo. Kwa ofisi yenye data ya wateja mimi sifanyi.

Ukiandika tpm.msc na ikakwambia hakuna TPM usikate tamaa, kwa mashine za kizazi cha nane kawaida iko ila imezimwa, ingia bayosi, ile menyu ya kabla Windows iwake, utafute Intel PTT ama kwa AMD ni fTPM. Secure Boot nayo inakataa kama diski ni ya mtindo wa MBR, ule wa zamani wa kugawa diski, inatakiwa igeuzwe kuwa GPT. Hapo si lazima kufomati, fungua cmd kama msimamizi, mbr2gpt /validate /allowFullOS, ikikubali rudia na /convert badala ya /validate, halafu ndio uingie bayosi utoe Legacy uweke UEFI. Ukibadilisha bayosi kabla ya kukonvati mashine haitawaka, usishtuke, rudisha tu ilivyokuwa. Na bakapu kabla, nimesema.

BitLocker, ile ya Windows ya kufunga diski kwa ufunguo, ikiwa imewashwa isimamishe kwa muda kabla uguse bayosi ama TPM, la sivyo itakuomba ufunguo wa tarakimu 48 na uone uso wa mwenye laptopu. Funguo zote za ofisi ziprinti uziweke kwa kabati linalofungwa. Windows mpya kwa mashine mpya siku hizi inaweza kujifunga yenyewe ukilogini kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo unaenda kwa akaunti ya huyo mtu, si yako, halafu akiacha kazi mnaanza kutafutana.

Zile haziwezi kuingia 11 zina njia tatu. Kulipia apdeti za ziada za Windows 10, kwa biashara ilianza dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza na inaongezeka mara mbili kila mwaka kwa miaka mitatu, yaani 61, 122, 244, piga hesabu mwenyewe uone kama hiyo mashine ina thamani ya dola 427. Ya pili ni Linux, kwa mtu ambaye kazi yake yote iko kwa brauza na barua, Ubuntu 24.04 ina apdeti hadi 2029, mapokezi yetu wako nayo na baada ya wiki moja waliacha kuniita. Kwa akaunti usijaribu, programu zao ni za Windows. Ya tatu ni kuitoa kazini, na hapo toa diski kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitaki kujua kwamba uliuza kompyuta kuukuu ukasahau namba za vitambulisho vya watu ndani. Diski ya kuzunguka ifute kwa diskpart na clean all, si clean peke yake, na hakikisha umeselekti ile unataka.

Kuhusu siku ya kufanya, usiapgredi mashine za akaunti karibu na tarehe 9 kwa sababu ya PAYE na NSSF, wala karibu na 20 kwa sababu ya VAT. Mimi nachukua Ijumaa ya kwanza baada ya 20, mashine moja, ya mtu mvumilivu, na naiacha atumie wiki nzima kabla niguse ya pili. Ikisumbua unaweza kurudi Windows 10 ndani ya siku 10, baada ya hapo folda ya Windows.old inafutwa, lakini ukiandika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60 mara tu ukimaliza kuapgredi unapata siku 60. Hiyo amri iandike kabla hujamrudishia mwenyewe mashine, siku ya kumi na moja haisaidii.